Besi wa kilo tatu wa Ziwa Erie: lini, wapi na kwa chambo gani

Swali: "Mimi ni mzaliwa wa Baraka, Kivu Kusini, na sasa naishi na familia yangu Erie, Pennsylvania. Nyumbani nilivua mikeke, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, kwa mshipi na taa pamoja na baba yangu, kwa hiyo maji si mageni kwangu. Hapa navua Jumamosi kwenye gati za mjini, Julai na Agosti, na besi wa mdomo mdogo ninaowapata hawazidi nusu kilo. Wenzangu kazini wananionyesha picha za besi wa kilo mbili na nusu, hata tatu, wa ziwa hilihili. Nimenunua vyambo vya plastiki vya kila rangi mpaka sanduku limejaa. Mwakani nataka kulipia siku moja ya boti na mwongozaji. Niende mwezi gani, nitumie chambo kipi, na je, samaki huyu analiwa?"

Ndugu yangu, lifunge hilo sanduku kwanza. Rangi ya chambo si tatizo lako. Julai na Agosti, mchana, kando ya gati la mjini, besi mkubwa ni wa bahati. Wengi wao wako nje ziwani, kwenye mawe ya kina cha futi 25 hadi 40, yaani mita 8 hadi 12, ambako maji yana ubaridi wanaoupenda. Waliobaki kwako ni vijana wanaofukuza kila kitu kinachotikisika. Hata ungewatupia chambo cha dhahabu, ungemtoa huyohuyo wa nusu kilo.

Na wewe haya unayajua, isipokuwa umeyaacha Baraka. Mkeke humtafuti saa sita mchana kwenye mchanga wa ufukweni; unamfuata wanakokwenda ndakala, yaani dagaa, usiku usio na mwezi, taa ikiwaka. Besi wa mdomo mdogo naye ana chakula anachokifuata na ana majira yake. Ukiyajua hayo mawili, chambo kinakuwa jambo la kuamua kwa dakika tano.

Tuelewane kwanza kuhusu huyo wa kilo tatu. Besi wa sentimita 50 katika Ziwa Erie mara nyingi huwa na kilo mbili na ushee, na huyo tayari ni samaki wa kupigia picha. Akifika kilo mbili na nusu, hata mwongozaji mwenyewe atapaza sauti. Wa kilo tatu yupo, wenzako hawakudanganyi, ila wako watu waliolivua ziwa hilo tangu utoto na hawajamshika. Rekodi ya dunia ni pauni 11 na wakia 15, karibu kilo 5.4: David Hayes alimvua tarehe 9 Julai 1955 akirambaza katika bwawa la Dale Hollow, mpakani mwa Kentucky na Tennessee. Rekodi hiyo ina kesi yake. Mwaka 1996 ilifutwa baada ya kuibuka kiapo cha mfanyakazi wa gatini aliyedai samaki aliongezewa uzito, na mwaka 2005 IGFA, shirika la kimataifa linalotunza rekodi za uvuvi wa michezo, likairejesha. Wavuvi wanaibishania mpaka leo. Kwako wewe samaki wa maana zaidi ni mwingine: tarehe 3 Novemba 2022, katika Ziwa Erie upande wa Ontario, Gregg Gallagher wa Ohio alitoa besi wa pauni 10.15, yaani kilo 4.6, rekodi mpya ya jimbo la Ontario. Uangalie huo mwezi, nitaurudia.

Sasa jiulize kwa nini samaki wa namna hiyo atoke ziwa la kaskazini, ambako maji huganda na miezi ya kukua ni michache. Sababu kubwa ni kisamaki kimoja chenye sura mbaya kiitwacho gobi. Asili yake ni Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Alikuja ndani ya maji ambayo meli za mizigo hubeba tumboni ili zisiyumbe, akaonekana kwa mara ya kwanza katika mto St. Clair mwaka 1990, na miaka kumi haikupita kabla hajaenea katika Maziwa Makuu yote matano. Kabla yake kidogo walikuja kome wenye mistari ya pundamilia, kutoka pande hizohizo za dunia na kwa njia ileile, wakagunduliwa katika Ziwa St. Clair mwaka 1988. Kome hula kwa kuchuja maji, na wako wengi mno, kwa hiyo maji yakawa maangavu. Gobi anakula kome. Besi anamla gobi. Zamani besi alifukuzana na kamba wa maji baridi na visamaki vya juujuu. Siku hizi anatembea juu ya mawe yaliyojaa nyama isiyojua kukimbia mbali, na amenenepa.

Hapo ndipo jibu la chambo linapotoka. Gobi hana kibofu cha hewa kama samaki wengi, kwa hiyo hawezi kuelea. Analala juu ya jiwe, anaruka kidogo, anatua, analala tena. Besi mkubwa amejifunza kutazama chini. Chambo kinachopita mita mbili juu ya mawe kitawapata wachache wenye njaa, na wakati mwingine wengi, hasa wanapowinda makundi ya visamaki vya fedha katikati ya maji. Lakini siku hadi siku, chambo kinachogusa sakafu ya ziwa ndicho kinacholeta samaki wa mizani.

Nifungue mabano kwa wasomaji wa Kenya wanaomjua besi wa Naivasha. Yule ni wa mdomo mkubwa, aliyepelekwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Ukimfunga mdomo, taya lake linapita nyuma ya jicho. La huyu wa Erie linaishia chini ya jicho. Wa Naivasha anapenda mafunjo na majani, wa Erie anapenda mawe na maji yanayotembea. Mbinu za mmoja hazimfai sana mwingine.

Turudi kwenye mwezi. Vipimajoto vya boti za huko vinasoma Farenhaiti, kwa hiyo nitataja zote mbili. Barafu ikitoka na maji yakifika kama nyuzi 45 (7 za Selsiasi), besi huanza kupanda kutoka vilindini. Kati ya nyuzi 50 na 58 (10 hadi 14) wanakusanyika kwenye mawe yaliyo karibu na mahali pa kutagia, majike wamejaa mayai, na wanakula kwa bidii kwa sababu wametoka kwenye baridi ndefu. Hapo jike anakuwa na uzito ambao hataupata tena mpaka vuli. Kati ya nyuzi 60 na 65 (15 hadi 18) wanataga. Ghuba ya Presque Isle, hapo mbele ya mji wako, kwa kuwa ina maji ya kina kifupi na imekingwa na rasi ya mchanga, hupata joto kabla ya ziwa lenyewe, na besi wengi wa ziwani huingia humo au hukaa mlangoni mwake. Kwa hiyo majira hayo hayaji kwa siku moja kila mahali. Ghuba inatangulia, mawe ya nje yanafuata baadaye, na mvuvi mwenye akili huyafuata majira kutoka ndani kwenda nje kuanzia mwisho wa Aprili mpaka mwanzo wa Juni.

Juni wanapokuwa kwenye viota, naomba uwaache. Dume ndiye anayechimba kiota na kulinda mayai, na anauma kila kitu kwa hasira, kwa hiyo kumshika si ustadi. Ukimtoa hata kwa muda wa picha moja, gobi waliokuwa wakisubiri pembeni wanaingia na kuanza kula mayai. Wako wanaosema samaki akirudishwa haraka hakuna hasara. Mimi sikubaliani nao.

Kiangazi ni wakati wa vilindi, nimeshakisema. Samaki wakubwa wanapatikana, ila bila boti na sona, kile kifaa cha kuonyesha samaki chini ya maji kwa mawimbi ya sauti, ni kama hakuna.

Vuli ndiyo ya uzito. Kuanzia mwisho wa Septemba maji yanapoa, besi wanajaza matumbo kwa ajili ya baridi, na kadiri Novemba inavyokaribia, wakubwa hujikusanya mahali pachache penye miamba mirefu chini ya maji. Wanaouma ni wachache kuliko Mei, lakini kila mmoja ni wa kupimwa. Ndiyo maana yule wa 2022 alitoka Novemba. Ungekuwa na boti yako na ruhusa ya kutoka kazini siku yoyote hali ya hewa ikitulia, ningekwambia Oktoba na Novemba bila kusita. Wewe una siku moja ya kulipia. Upepo wa vuli katika Ziwa Erie hufuta safari nyingi, na fedha za akiba zikishafungwa kwenye tarehe moja utajikuta umesimama gatini unatazama mawimbi. Chukua nusu ya pili ya Mei. Omba siku ya katikati ya wiki ukiweza, na mkubaliane mapema tarehe ya akiba.

Haya, sasa lifungue lile sanduku. Utahitaji vitu vinne, vilivyobaki wape watoto.

Cha kwanza ni mrija. Ni bomba laini la plastiki la kama sentimita 9, lenye mikia mingi nyuma kama pweza, na kichwa cha risasi chenye ndoana huingizwa kwa ndani. Kwa maji ya mita 3 tumia gramu 7, kwa mita 6 gramu 10, kwa mita 10 gramu 14. Upepo ukizidi, panda hatua moja. Rangi ni kijani cha boga, kahawia, au kijivu chenye chembechembe nyeusi, kwa maana ndizo rangi za gobi. Chukua na mweusi mmoja, kwa sababu gobi dume hugeuka mweusi kabisa anapolinda mayai yake, kuanzia Mei na kuendelea, na kuna siku besi hawataki rangi nyingine.

Mrija hauvuliwi kwa kutikisa. Unaburuzwa. Mwongozaji ataiacha boti ichukuliwe na upepo polepole, mwendo usiozidi wa mtu anayetembea bila haraka, na upepo ukiwa na nguvu atatupa majini mfuko wa turubai unaoizuia boti isikimbie. Wewe unaachia mshipi mpaka chambo kiguse chini, unaongeza urefu kidogo ili kikae nyuma ya boti, unafunga rili, lile gurudumu la kukunjia mshipi, na kutulia. Utasikia mawe na kome wakikwaruza kwenye mshipi. Hiyo ndiyo sauti unayoitaka. Ikikaa kimya muda mrefu, ama chambo kimepanda juu ama uko juu ya mchanga, na juu ya mchanga mtupu hakuna kazi. Kuuma kwenyewe mara nyingi hakupigi. Mkwaruzo unakoma, unahisi uzito laini unaovutana nawe. Usikurupuke kupiga fimbo juu. Zungusha rili mpaka mshipi ukaze, halafu pandisha fimbo kwa nguvu moja ya kuendelea.

Cha pili ni dropushoti. Hapa chubwi liko chini kabisa, mwisho wa mshipi, na ndoana ndogo imefungwa juu yake kwa shubiri moja au mbili. Chambo ni kisamaki laini cha sentimita 7 hadi 10, kimechomwa puani tu. Chubwi linakaa juu ya mawe, chambo kinaning'inia mbele ya macho ya samaki. Hii ni ya samaki waliotulia, waliokataa mrija, au wale ambao sona imewaonyesha mahali hasa walipo. Kosa la wageni ni kutikisa mno. Boti inapanda na kushuka na wimbi, hilo linatosha kukipa chambo uhai. Kazi yako ni kuhakikisha chubwi halinyanyuki. Ndoana ni nyembamba, kwa hiyo ukivuta kwa nguvu za mkeke wa kilindini utainyoosha.

Cha tatu ni kwa maji ya baridi ya mwanzo wa Mei: kisamaki kigumu chembamba chenye ulimi wa plastiki mdomoni, ambacho ukikivuta kinazama na ukikiacha kinabaki palepale majini, hakielei wala hakizami. Madukani huko kiulizie kwa jina la jekibeti. Unakivuta mara mbili kwa ncha ya fimbo, kisha unaacha. Unahesabu mpaka tano, maji yakiwa ya baridi sana mpaka kumi. Samaki anachukua wakati wa kimya. Watu wengi hawana subira ya hicho kimya, ndiyo maana wanasema jekibeti haifanyi kazi.

Cha nne ni jigi ndogo ya manyoya, yaani ndoana yenye kichwa kizito iliyofungwa manyoya, nyeusi au kahawia, gramu 3 hadi 5, kwa ajili ya kina kifupi chenye maji maangavu. Haina umbo la kuvutia dukani, na siku ya jua kali isiyo na upepo, samaki wanapokiogopa kila kitu, huwapita ndugu zake wote. Unaitupa mbali na kuirudisha polepole bila mbwembwe yoyote. Mkononi mwa mtoto wa miaka kumi inafanya kazi sawa na mkononi mwa bingwa.

Utaulizwa kuhusu chambo hai, kwa kuwa waongozaji kadhaa wa Erie bado wanatumia visamaki hai au kamba wa maji baridi. Kinaleta samaki, na kwa mgeni ni rahisi. Ubaya wake ni kwamba besi hukimeza mpaka kooni, na samaki aliyenasa kooni hana maisha marefu baada ya kuachiwa. Ukimwambia mwongozaji mapema kwamba unataka vyambo bandia, atajipanga.

Kwa vifaa, fimbo ya futi 7 ya uzito wa kati, rili ya spini ya saizi 2500 au 3000, mshipi mwembamba wa kusokotwa wa pauni 10 hadi 15, na mbele yake futi kama 8 za florokaboni ya pauni 8, yaani mshipi wa plastiki usioonekana kirahisi majini. Usiruke hiyo florokaboni. Maji ya mashariki ya Erie yakitulia unaona mawe chini kwa mita kadhaa, na samaki naye anaona mshipi. Breki ya rili ilegezwe kiasi cha kuachia mshipi kabla haujafika ukomo wake. Besi wa mdomo mdogo hupigana kuliko ukubwa wake. Atashuka chini ya boti, atageuka, ataruka nje ya maji na kutikisa kichwa ili aitupe ndoana. Ukiona mshipi unapanda haraka, jua anakuja kuruka. Shusha ncha ya fimbo karibu na maji na endelea kuzungusha ili mshipi usilegee. Akikaribia boti usiharakishe, kwa sababu wengi hupotelea pale wavu unapoonekana.

Kabla ya siku ya boti, mwaka huu usikae bure. Kuna kuta za mawe pande zote mbili za mfereji unaounganisha ghuba na ziwa. Mei, jioni baada ya kazi, hapo ndipo mtu asiye na boti anapopata nafasi yake bora, kwa kuwa samaki wanaoingia na kutoka hawana njia nyingine. Mrija wa gramu 7, jigi ya manyoya jua likizama, na miguu yenye viatu visivyoteleza. Vuli, Oktoba, rudi mahali hapohapo. Ukifanya hivyo, siku ya kupanda boti mkono wako utakuwa unajua mkwaruzo wa mawe, na mwongozaji hatapoteza nusu ya siku akikufundisha kile ungeweza kujifunza bure.

Kumchagua mwongozaji, anza na leseni yake. Marekani, nahodha anayebeba abiria wa kulipa katika Ziwa Erie ni lazima awe na leseni ya Walinzi wa Pwani, na kumwuliza si utovu wa adabu. Kisha mwulize wiki kama hiyo mwaka jana alivua kina gani na maji yalikuwa nyuzi ngapi. Anayefanya kazi hii kila siku atakujibu kabla hujamaliza swali. Mwulize anawapeleka wateja wangapi kwa mara moja. Kwa kuburuza mrija, wawili wanatosha, watatu mishipi inaanza kusalimiana. Mwulize pia kuhusu sona ya kutazama mbele, ile inayoonyesha samaki mmoja mmoja kabla hujatupa chambo. Siku hizi ipo kwenye boti nyingi, na wavuvi wamegawanyika vibaya juu yake. Inafundisha mengi kuhusu tabia ya samaki, ila kutwa nzima ukitazama kioo badala ya maji, mimi naona umelipia sinema. Useme mapema unataka siku ya namna gani.

Kuhusu upepo, hapa usiamini uzoefu wa Tanganyika peke yake. Ziwa lenu lina kina cha zaidi ya mita 1,400. Erie wastani wake ni mita 19 tu, na lina urefu wa kilomita 388 zinazoelekea kusini magharibi, upande zinakotoka pepo nyingi za huko. Upepo unapolipiga kwa urefu wake, maji hayo mafupi hujenga mawimbi ya karibukaribu yenye kuta, kwa muda mfupi kuliko unavyodhani. Nahodha akisema tunarudi, mnarudi. Mei maji ya ziwani yanaweza kuwa bado na nyuzi 10 za Selsiasi au pungufu, na mtu akianguka humo nguvu za mikono humwishia kwa dakika. Vaa jaketi la kuokolea muda wote. Kwa vyombo vidogo vya chini ya futi 16, na kayaki na mitumbwi yote, sheria ya Pennsylvania inalazimisha kulivaa kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 30. Mimi ningelivaa Mei vilevile. Na uchukue koti la baridi hata kama mjini watu wametoka na fulana.

Leseni yako wewe: kila mwenye miaka 16 na zaidi anahitaji leseni ya uvuvi ya Pennsylvania, na juu yake kibali cha pekee cha Ziwa Erie, ambacho kinahusu ghuba pia. Vinanunuliwa pamoja. Majira ya kuchipua sheria za besi katika ziwa hilo ni kali kuliko kiangazi kuhusu urefu na idadi ya kubeba, kwa hiyo soma kitabu cha mwaka huo cha Pennsylvania Fish and Boat Commission, usitegemee kumbukumbu ya rafiki. Boti ikivuka mstari wa majini kuingia New York au Ontario, sheria nazo zimebadilika.

Umeuliza kama analiwa. Nyama yake ni nyeupe na haina ubaya wa ladha. Lakini besi wa sentimita 50 katika maji hayo ya baridi huenda ana miaka kumi au zaidi, na miaka hiyo yote amekuwa akikusanya mwilini zebaki na kemikali za viwandani ziitwazo PCB. Samaki mkubwa anazo nyingi kuliko mdogo. Pennsylvania hutoa kila mwaka mwongozo wa mara ngapi kwa mwezi samaki wa kila ziwa aliwe. Tafuta Ziwa Erie humo, na kama nyumbani kuna mama mjamzito au anayenyonyesha, au watoto wadogo, wao ndio mwongozo huo unaowahusu zaidi.

Kwa hiyo mkubwa mrudishe, na umrudishe vizuri. Lowesha mikono kabla ya kumshika. Usimning'inize kwa taya peke yake. Weka mkono mwingine chini ya tumbo. Picha ichukuliwe na mtu ambaye simu yake iko tayari mkononi, mpime urefu ubavuni mwa boti, aende. Aliyetolewa kutoka chini zaidi ya futi 30 anaweza kuwa amevimba kibofu cha hewa na kushindwa kuzama. Dawa yake kubwa ni kumwachia mara moja, kabla hewa haijatanuka. Kumchoma sindano ni kazi ya aliyefundishwa, na mwongozaji mzuri anaijua.

Wa sufuria wako tele ziwani humo: walai na pechi wa manjano, nao ndio watu wa Erie wanaowapeleka mezani, ingawa nao wana mistari yao katika mwongozo uleule. Mwambie mwongozaji tangu siku ya kuweka nafasi kwamba saa mbili za mwisho unataka kurudi na kitoweo. Wengi watakubali, upepo ukiruhusu, na hao pechi utakuta unawajua kuwavua tayari.